Mgomba uliosahau kuzaa

Pasua ndizi mbivu kwa urefu, iwe kisukari, pukusa au mzuzu, kisha itazame katikati. Utaona vitone vidogo vyeusi vimejipanga kwa safu kwenye kiini. Wengi wetu tumekula ndizi tangu utotoni bila kuuliza vile ni vitu gani. Ni mayai ya mmea: yalikaa yakingoja kurutubishwa, hayakurutubishwa, yakasinyaa. Katika mgomba wa porini pale pale pangekuwa na mbegu nyeusi, ngumu, za ukubwa wa pilipili manga, nazo zingelijaza tunda hata usipate cha kutafuna isipokuwa utando wa nyama. Ndizi ya namna hiyo hailiki. Hii tamu tuliyoizoea imepatikana kwa sababu mgomba wetu umeshindwa kazi ambayo mimea na wanyama wengi mno wanaitegemea: kuzaa kwa kuchanganya urithi wa wazazi wawili.

Mkulima wa Kagera anapotaka kupanua kibanja chake haendi dukani kununua mbegu za ndizi, kwa kuwa hazipo. Huenda kwa jirani au kwa shemeji, akaonyeshwa shina lililobeba mkungu mzuri, akachimba chipukizi pembeni, akalipunguza mizizi na kulipanda kwenye shimo lenye samadi. Uchagani hufanya vivyo hivyo kwenye kihamba, na Wanyakyusa wa Rungwe pia. Chipukizi hutoka kwenye shina la kweli la mgomba, ambalo limejificha ardhini. Ule unaoonekana kuwa mti ni vikonyo vya majani vilivyokumbatiana. Mkungu ukishakatwa, sehemu ya juu imemaliza kazi yake na chipukizi linashika nafasi.

Mabwana shamba hufundisha kwamba kila shina libaki na migomba mitatu tu: mama, mtoto na mjukuu. Ni mafunzo mazuri, maana shina likisongamana mikungu hudumaa. Kwa upande wa urithi, hata hivyo, hapo hakuna mama wala mjukuu. Wote watatu ni mmea mmoja unaoendelea kujirudia, na chipukizi lililokwenda kwa shemeji ni mmea huo huo uliohamia kijiji kingine. Migomba mingi ya Kagera ilikuwa hai kabla ya babu wa babu zetu, na hadi leo haijazaa.

Ili kuona ugeni wa jambo hilo, inabidi kwanza kuona viumbe wengine hufanyaje.

Ndani ya kila seli ya mwili kuna kiini, na ndani ya kiini kuna nyuzi ziitwazo kromosomu. Nyuzi hizo zimetengenezwa kwa DNA, na vipande vyake vyenye maagizo ya kazi fulani mwilini, kama vile rangi, kimo au uwezo wa kupambana na ugonjwa, ndivyo tunavyoviita jeni. Binadamu ana kromosomu 46, zimekaa jozi 23. Katika kila jozi moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama. Mwili unapokua, seli hugawanyika, na kila seli mpya hupewa nakala kamili ya zote 46. Inapofika zamu ya kutengeneza yai au mbegu ya kiume, utaratibu hubadilika. Kila kromosomu hutafuta mwenzake wa jozi, zikasogeleana, zikabadilishana vipande, kisha zikaachana, moja upande huu na nyingine upande ule. Yai hubaki na 23, mbegu ya kiume nayo 23, na zinapokutana hesabu hurudi 46.

Mgawanyo huo hufanyika upya kwa kila yai na kila mbegu. Ndiyo maana watoto wa baba mmoja na mama mmoja hutofautiana sura, kimo na hata maradhi, wasipokuwa pacha wa yai moja. Na ndiyo maana ugonjwa unaoingia kijijini huwakuta watu wasiofanana miilini: unamlaza huyu, yule unampita.

Aliyeanza kuzifungua hesabu hizi alikuwa mtawa, Gregor Mendel, katika bustani ya monasteri ya Brno, mji ambao leo uko Jamhuri ya Czech. Kati ya mwaka 1856 na 1863 alipanda njegere kwa maelfu, akawa anahamisha chavua kwa mkono kutoka ua hadi ua na kuandika kila alichokiona. Alipochanganya njegere ndefu na fupi, watoto wote walitoka warefu. Alipowaacha watoto hao wazae, katika wajukuu alihesabu warefu 787 na wafupi 277, karibu watatu kwa mmoja. Ufupi haukuwa umepotea. Ulikuwa umebebwa kimya ndani ya mimea mirefu, ukajitokeza pale mmea ulipoupokea kutoka pande zote mbili. Mendel alichapisha kazi hiyo mwaka 1866, ikapuuzwa, naye akafariki mwaka 1884. Wanasayansi waliigundua tena mwaka 1900.

Pamoja na akili yake, Mendel alikuwa na bahati ya kuchagua mmea. Njegere ina kromosomu zilizokaa jozi kwa jozi, hutoa mbegu tele, na kizazi chake hakimalizi mwaka. Angekabidhiwa shamba la migomba ya matoke angezeeka bila hesabu hata moja ya kuandika.

Seti moja ya kromosomu za mgomba ina kromosomu 11. Mgomba wa porini una seti mbili, yaani 22, kama ilivyo kawaida ya viumbe wanaozaana. Matoke ya Kagera na Uganda, mzuzu na mkono wa tembo wa pwani, na ndizi ndefu za njano zinazosafirishwa kwa meli kwenda Ulaya, zote zina seti tatu: kromosomu 33. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Mmea unapojaribu kutengeneza yai au chavua, kila kromosomu hutafuta mwenzake na kukuta wamekuwa watatu. Wawili wakishikana, wa tatu anabaki hana pa kwenda. Mgawanyo unakwenda ovyo, na yai linalotokana halifai kitu. Jambo la aina hiyo wafugaji wamelijua kwa baghala tangu kale. Farasi ana kromosomu 64, punda ana 62, na baghala wanayemzaa ana 63. Ana nguvu na ustahimilivu mwingi, lakini karibu kamwe hazai.

Yapo pia makundi yenye seti mbili ambayo bado hayana mbegu. Mchare wa Kilimanjaro, ule wa mtori, una kromosomu 22 tu, lakini baadhi ya vipande vya kromosomu zake vimehama mahali pake, kwa hiyo jozi hazilingani vizuri. Matokeo ni karibu yale yale.

Kutozaa peke yake kusingetupa chakula. Mimea mingi isiyochavushwa huangusha ua na habari ikaishia hapo. Migomba tunayoila ina jeni zinazoliamrisha tunda linenepe hata kama hakuna chavua iliyolifikia. Mtu wa kale aliyeokota ndizi yenye nyama nyingi na mbegu chache alichimba chipukizi la mgomba ule, akaliacha lile lenye mbegu. Akafanya hivyo yeye, wakafanya wanawe. Huko Kuk, kwenye nyanda za juu za Papua New Guinea, wanaakiolojia wamepata ushahidi wa kilimo cha ndizi cha miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Wazee wa ukoo ni migomba mwitu miwili: Musa acuminata, ambao wataalamu huuita A, na Musa balbisiana, unaoitwa B. Mchare ni AA. Matoke ni AAA. Mzuzu na mkono wa tembo ni AAB, na bokoboko la Unguja ni ABB. Hata mpangilio wa jeni wa acuminata, uliochapishwa mwaka 2012 na kuonyesha jeni zaidi ya 36,000, ulisomwa kutoka kwenye mgomba uliotokana na wa porini.

Ndizi si mwenyeji wa Afrika. Ilivuka Bahari ya Hindi. Lakini ilipofika kwenye nyanda za Maziwa Makuu ikakuta mvua, udongo na watu walioipenda, ikatawala. Ukitembea vijijini Kagera au ng'ambo ya mpaka Uganda utatajiwa majina hadi uchoke: nshakara, enchoncho, nyoya, na mengine ambayo kijiji cha pili hawayajui. Kuna ya kupika, kuna ya kukamua rubisi, kuna ya mikungu mifupi na ya mikungu mirefu. Mtu angedhani ukoo huo umeoana na kuzaana kwa karne nyingi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kinyume chake: ndizi zote hizo za nyanda za juu za Afrika Mashariki zinatokana na mgomba mmoja. Mmoja tu, uliogawanywa kwa machipukizi mkono kwa mkono, kutoka ziwa hadi ziwa.

Tofauti zimetoka wapi, basi? Mwalimu akitoa daftari moja linakiliwe na darasa zima, kila anayenakili kutoka kwa mwenzake atakosea neno hapa au herufi pale, na baada ya miaka madaftari hayatalingana ingawa somo ni moja. Seli nazo hukosea wakati wa kunakili DNA. Kosa likiangukia kwenye chipukizi, mgomba mzima unaokua hapo utakuwa na kosa hilo: rangi ya kikonyo itabadilika, au ndizi zitajikunja, au utomvu utakuwa mchungu. Ndizi nyekundu, kwa mfano, hujulikana kwa kutoa mara moja moja chipukizi linalozaa ndizi za kijani. Mkulima wa Kihaya aliona tofauti za namna hiyo bila darubini, akazipa majina na kuzitenga. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi ya kitaalamu ambayo haijapewa heshima inayostahili. Lakini makosa madogo ya kunakili hayaleti ulinzi mpya kwa kasi ya kutosha kushindana na vimelea, ambavyo vizazi vyake huhesabiwa kwa siku.

Mchare una simulizi yake, na ningependa ifahamike zaidi Moshi na Arusha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulifuatilia wazazi wa ndizi mbili zilizoshika biashara ya dunia: Gros Michel, ambayo Waganda huiita bogoya, na Cavendish, inayojaza maduka ya London na New York leo. Mzazi mmoja wa zote mbili ni wa kundi la migomba ya AA ya visiwa na mwambao wetu, Zanzibar, Komoro na Madagaska, kundi ambalo ni ndugu wa karibu kabisa wa mchare. Zamani fulani mgomba wa kundi hilo, badala ya kutoa chembe ya uzazi yenye kromosomu 11, ulishindwa kugawanya ukatoa zote 22. Zikakutana na 11 za mgomba mwingine wa Asia. Ukapatikana 33. Theluthi mbili ya urithi wa ndizi inayouzwa zaidi duniani, kwa hesabu hiyo, inatokana na ukoo ambao kwetu huingia kwenye chungu cha mtori.

Urithi una upande wake mbaya. Kuvu wa udongo aitwaye Fusarium, anayeleta ugonjwa wa Panama, huingia kwa mizizi na kuziba njia za maji mpaka mgomba unanyauka. Mchare huuawa na aina ya kwanza ya kuvu huyo, na bogoya vilevile. Kwenye mashamba ya Amerika ya Kati bogoya ilipandwa peke yake maili kwa maili, na kwa kuwa kila mgomba ulikuwa nakala ya mwenzake, udhaifu wa mmoja ukawa wa wote. Kufikia miaka ya 1960 makampuni yalilazimika kuiacha na kuhamia Cavendish, ambayo kuvu wa aina hiyo hakuiweza. Biashara nzima ya ndizi ikahamia Cavendish, yaani ikarudia kosa lile lile kwa jina jingine. Kisha ikatokea aina mpya ya kuvu, TR4, inayoua Cavendish. Ilianzia Asia, mwaka 2013 ikathibitishwa Msumbiji, na mwaka 2019 ikafika Colombia. Msumbiji si mbali; kinachotutenganisha nao ni Mto Ruvuma.

Matoke yetu hayaathiriwi na kuvu wa aina ya kwanza, na hilo limewaokoa wengi. Yana maadui wengine. Sigatoka nyeusi, iliyoingia Afrika Mashariki miaka ya 1980, hukausha majani kabla ndizi hazijajaa. Mbaya zaidi kwa Kagera ni mnyauko bakteria, ambao wakulima wanauita unyanjano. Ulianza kujulikana Ethiopia kwenye ensete, ndugu wa mgomba. Ukaripotiwa Uganda mwaka 2001 na Kagera mwaka 2006. Majani hugeuka njano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, ukizikata ndani zina kutu, na ukikata shina linatoa usaha wa njano. Nyuki na wadudu wengine huubeba kutoka kwenye ua dume la mgomba mgonjwa, lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Panga lisilosafishwa nalo huubeba. Haujapatikana mgomba wa kuliwa wenye kinga nao. Kinga imeonekana kwa yule mzee wa porini, balbisiana.

Njia iliyo mkononi mwa mkulima ni usafi. Ua dume huvunjwa kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho inapojitokeza, panga hupitishwa kwenye moto au dawa kabla ya kuhamia shina jingine, na mgomba ulioonyesha dalili hukatwa mapema. Kazi hiyo imeokoa vibanja vingi. Hainipi raha, hata hivyo, kuona watu wakiaminishwa kwamba miche ya tishu, ile inayooteshwa maabara, ni mbegu mpya yenye kinga. Miche ya maabara ni mizuri kwa kuwa haiji na ugonjwa wala fukusi kutoka shamba la zamani. Lakini ni nakala za mgomba ule ule, na ikipandwa karibu na shina linaloumwa itaugua kama mwenzake.

Mgomba wenye kinga mpya hupatikana kwa kuurudisha kwenye uzazi, na kazi hiyo inafanyika karibu nasi: Kawanda na Sendusu nchini Uganda, na Arusha, ambako taasisi ya kimataifa ya IITA na taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, TARI, wanachanganya migomba ikiwemo mchare. Ni kazi ya ngazi na subira. Mkungu unapochomoza hufunikwa kwa mfuko ili mdudu asilete mchezo wake. Maua ya kike hufunguka kwanza, chane moja leo na nyingine kesho, na hayo ndiyo yatakayokuwa ndizi. Ya kiume hubaki mwishoni. Asubuhi na mapema mfanyakazi hupanda ngazi akiwa na maua dume ya mgomba mwingine, akafungua mfuko, akapaka chavua kwenye kila ua jike lililofunguka, akafunga tena. Kesho yake anarudi kwenye chane inayofuata. Miezi baadaye mkungu huivishwa, ndizi zikapondwa na kuchujwa kwa maji kutafuta mbegu. Mikungu mingi haitoi hata moja.

Mbegu ikipatikana haipandwi kwenye udongo, maana huko zinazoota ni chache. Hupasuliwa maabara chini ya darubini, kiinitete kikatolewa na kuwekwa kwenye chupa yenye chakula chake. Ni mmea wa kwanza katika ukoo huo, baada ya karne nyingi, kuwa mtoto kweli.

Hesabu iliyotumika kwa matoke ni ile ile iliyozaa Cavendish, ila safari hii kwa makusudi. Chukua matoke jike, mojawapo ya zile chache zinazoweza kushika mimba, uichavushe kwa Calcutta 4, mgomba mwitu wa acuminata wenye vidole vidogo vilivyojaa mbegu, usiofaa kuliwa, lakini wenye kinga ya Sigatoka nyeusi. Mara nyingine matoke hushindwa kugawanya kromosomu zake na kutoa zote 33 kwenye yai. Baba anatoa 11. Mtoto ana 44. Namba hiyo inagawanyika sawasawa, kwa hiyo mtoto huyo ana uwezo wa kuzaa. Akiolewa na mgomba mwingine ulioboreshwa wenye 22, yeye anatoa 22, mume anatoa 11, na mjukuu anatoka na 33. Amerudi kuwa tasa, hana mbegu, analika, na amebeba kinga ya babu yake wa porini.

Kati ya hesabu hiyo na shamba la mkulima kuna miaka. Kazi ya Kawanda iliyoanza miaka ya 1990 ilitoa aina yake ya kwanza kwa wakulima wa Uganda mwaka 2010, ikaitwa Kiwangaazi. Ndugu zake, wanaojulikana kwa pamoja kama NARITA, walijaribiwa Kagera, Kilimanjaro na Mbeya, na mwaka 2021 Tanzania ikaruhusu aina nne kwa majina ya TARIBAN 1 hadi 4. Kituo cha Maruku, nje kidogo ya Bukoba, ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo upande wetu.

Kinga siyo kila kitu, na hapa wanasayansi walifundishwa na wapishi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kagera iligawiwa kwa wingi FHIA 17 na FHIA 23 kutoka Honduras, pamoja na Yangambi Km 5 yenye asili ya kituo cha utafiti cha Kongo. Zilizaa mikungu mikubwa, zikastahimili magonjwa, na nyingi ziko vibanjani hadi leo. Lakini mama wa Kihaya aliyeziweka sufuriani alijua mara moja kwamba siyo zenyewe: rangi siyo, ulaini siyo. Ladha ni urithi pia, imeshikwa na jeni nyingi kwa pamoja, na haiji peke yake kwa sababu umeleta kinga. Ndiyo maana siku hizi sufuria iko ndani ya majaribio: aina mpya hupikwa na kuonjwa na wakulima kabla haijaruhusiwa.

Kwa unyanjano, wapo waliochukua njia ya mkato. Watafiti wa IITA waliingiza kwenye mgomba jeni kutoka pilipili hoho, na tangu mwaka 2010 migomba hiyo ilijaribiwa Kawanda kwenye shamba lililozungushiwa uzio, ikaonyesha kinga kubwa. Njia hiyo ina faida moja isiyopingika: matoke yanabaki matoke, ladha yake yote, yameongezewa jambo moja tu. Wengine hawaitaki kabisa. Mimi naona isikataliwe kwa hofu wala isipokelewe kwa shangwe. Mgomba wenye jeni moja ya kinga, ukipandwa nakala kwa nakala wilaya nzima, unaweza kukuta bakteria wamejifunza.

Njia zote hizi, ya ngazi na ya maabara, zinakwenda kukopa mahali pamoja: kwa viumbe ambavyo bado vinachanganya urithi. Huko Leuven, Ubelgiji, kuna hazina ya kimataifa ya migomba iliyoanzishwa mwaka 1985, yenye aina zaidi ya 1,600 zinazotunzwa kama vichipukizi ndani ya mirija ya kioo, nyingine zikiwa zimegandishwa kwenye nitrojeni ya nyuzi joto 196 chini ya sifuri. Mmea usio na mbegu haiwezekani kuuhifadhi kwa mbegu. Baadhi ya migomba iliyomo humo ilichukuliwa kwetu. Hata Pemba, watafiti wa katikati ya karne iliyopita waliandika kuhusu migomba ya acuminata yenye mbegu, na sijui ni Wapemba wangapi wangeona sababu ya kuiacha isimame shambani.

Vibanja vinapungua, vijana wanahamia mjini, na soko linataka aina mbili au tatu zinazokaa vizuri kwenye lori. Mwenye migomba ya zamani ambayo majirani wameshaing'oa asiione kuwa ni ya kizamani. Ampe jirani chipukizi lililo zima, shina liwe mahali pawili badala ya pamoja, na watafiti wa Maruku au Arusha waambiwe ipo. Anayetaka TARIBAN, na ana kila sababu ya kuijaribu, aombe miche inayotambulika, aanze na mashina machache pembeni, apike, aonje, aone inavyohimili jua na ugonjwa wa mahali pake. Aina za zamani zilizo na afya zibaki pale zilipo.